Siku ya Ishirini na Nane

Ukumbini Njedengwa leo wanasoma mwelekeo wa sekta:
ujenzi umepanda, mwakani utapanda tena,
chati ina chungwa na kijani,
chai ina maziwa.

Mimi niko Ihumwa, ndani ya kontena lenye joto la tanuri,
na mwelekeo nilio nao
ni kyubu tisa za zege ndani ya pipa la maji,
kila moja na tarehe yake mgongoni.

Zege halisemi siku ya kwanza.
Siku ya saba linanong'ona.
Siku ya ishirini na nane unaliweka kwenye mashine,
unapampu, sindano inapanda,
inapanda,
halafu, ka!
Hapo ndipo unajua kama umejenga
au umepaka rangi.

Najua mchanga huu ulikotoka.
Umezolewa korongoni usiku, una udongo; ukiusugua kiganjani
unaacha doa kama la ugoro.
Najua kokoto: nyingine za mtambo,
nyingine za akina Mwaja wa Chigongwe,
wanaogonga jiwe kwa nyundo, kitambaa kikifunga jicho moja,
ndoo kwa ndoo, bei ya jana.
Najua na maji. Boza linamwagilia zege asubuhi na jioni
lisipasuke,
na ng'ambo ya uzio madumu ya njano yamepanga foleni
yakiangalia.

Barabara hii ilipita kwa mama, Veyula.
Mthamini alikuja na daftari, akahesabu mizabibu:
mia mbili na kumi na mmoja.
Mama akasema, na kumi na miwili, baba;
mmoja umechipua nyuma ya choo.
Mthamini akacheka, akafunga daftari.
Fidia ilikuja mwaka wa pili. Nyumba ya bati tukajenga, sikatai.
Lakini hadi leo, ukimuuliza mama habari za barabara,
anakujibu:
mia mbili na kumi na miwili.

Jumanne zilitimiza siku zake kyubu za karavati la nne.
Ya kwanza, ishirini na mbili.
Ya pili, ishirini na moja na nusu.
Ya tatu sikuiamini, nikafuta vumbi kwenye kioo cha geji:
ishirini na mbili.
Inatakiwa thelathini.

Mhandisi Kweka akaja, akavua kofia ngumu, akakaa juu ya pipa.
Si mtu mbaya. Mwanangu alipolazwa alinipa gari lake.
"Andika thelathini, Yusta.
Huku kwenu hata kifuku chenyewe ni cha kubahatisha.
Cheti cha malipo kikikwama,
vijana hawalipwi."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nikashika kalamu.
Sikuwaza taifa, sikuwaza bendera.
Niliwaza mzabibu ule nyuma ya choo,
ulivyokuwepo, wenye majani na yote,
na daftari likasema haupo.
Nikaandika ishirini na mbili,
ishirini na moja na nusu,
ishirini na mbili. Nikasaini:
Y. Chilongani.

Karavati lilivunjwa siku tatu kwa nyundo za upepo.
Mshahara umechelewa wiki ya saba sasa.
Ndahani, fundi nondo, ambaye hula kwa kukopa kwa mama lishe,
hanisalimii tena;
akinipita anatema mate pembeni, kwa adabu,
mbali kidogo na kiatu changu.
Sijui nimwambie nini. Tumbo lake halisomi geji.

Redio inasema mkutano umefungwa,
matarajio ni makubwa.

Jioni wameniletea zege jipya kwenye toroli.
Nimelishindilia kwenye ukungu, tabaka tatu,
nimelisawazisha kwa mwiko, na kesho,
likishika, nitaandika tarehe.
Nimehesabu kwa vidole: ya ishirini na nane
inaangukia Jumapili.

Nitakuja.